Nilifundisha Infinitivu ya Kiingereza Kabla ya Kuijua

Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu niliutumikia katika shule moja ya kata wilayani Korogwe, nikifundisha Kiingereza kidato cha kwanza na cha pili. Wanafunzi wa kidato cha kwanza walikuwa wametoka kusoma miaka saba kwa Kiswahili katika shule za msingi za serikali, na sasa masomo yote, isipokuwa Kiswahili chenyewe, yalikuwa yamewageukia ghafla kuwa ya Kiingereza. Kwa hiyo kila nilichosema juu ya lugha ile walikiandika kama kilivyo, wakakikariri, wakakiamini. Imani ya namna hiyo ni mzigo mzito kwa mwalimu ambaye yeye mwenyewe hakuelewa vizuri anachokifundisha, nami nilikuwa mwalimu wa aina hiyo ilipofika mada ya infinitivu, yaani kitenzi-jina.

Niliwaambia, kwa sauti ya mtu asiye na shaka, kwamba infinitivu ya Kiingereza ina alama yake, nayo ni neno “to”; ukishaiona “to”, umeshaiona infinitivu. Ndivyo nilivyofundishwa mimi, na kwa kanuni hiyo nilivuka mitihani yangu yote, kwa kuwa mara nyingi ukikisia hivyo unapata. Nikaandika ubaoni sentensi kumi na kuwataka wapige mstari chini ya infinitivu katika kila sentensi. Ya tatu ilikuwa hii: “My uncle went to Lushoto to buy potatoes.” Niliipenda kwa sababu Lushoto tunaijua, na viazi vyake tunavila.

Jumamosi nikakaa chini ya mwembe nyuma ya nyumba ya walimu kusahihisha madaftari. Katika daftari la kwanza nilikuta mistari miwili kwenye sentensi ya tatu, mmoja chini ya “to Lushoto” na mwingine chini ya “to buy”. Nikaweka alama ya mkosa kwenye ule wa kwanza kwa wino mwekundu. Daftari la pili likawa vivyo hivyo, na la tatu, na la nne. Nilipofika la kumi na kitu nikaacha kusahihisha. Darasa zima haliwezi kukosea mahali pamoja kwa namna moja isipokuwa limefundishwa kosa hilo, na aliyelifundisha nilikuwa mimi.

Jumatatu nilijaribu kujinasua kwa ujanja. Nikasema kwamba nilimaanisha “to” iliyofuatwa na kitenzi, na Lushoto si kitenzi. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye hakuwa na mazoea ya kusema sana, akanyoosha mkono.

“Mwalimu, tutajuaje kuwa si kitenzi?”

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimegundua kwamba sina jibu. Lushoto ni jina la mji, hilo kila mtu alilijua. Lakini angekutana na neno asilolijua, tuseme “to harvest” au “to Harare”, angetofautisha kwa kitu gani? Nikamrudishia swali kwa Kiswahili: je, unaweza kusema jana nili-lushoto? Darasa likaangua kicheko kikubwa zaidi, lakini safari hii kicheko kilikuwa na faida. Walikuwa wameonja kipimo cha kwanza: neno lisilokubali kubeba wakati, hata ukilibembeleza, si kitenzi, na kwa hiyo “to” iliyolitangulia ni kihusishi tu kinachoonyesha uelekeo.

Kicheko hicho ndicho kilichonipeleka kwenye Kiswahili kutafuta msaada, jambo ambalo wakati ule nililifanya kwa kujificha kidogo, kwa kuwa shule nyingi zinawakataza wanafunzi kusema Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza. Niliandika ubaoni: “Hakutaka kukupigia simu.” Nikawauliza, humu “ku” ziko ngapi, na kitenzi-jina ni kipi?

Wakahesabu tatu. Halafu ukimya. Kila mmoja pale alikuwa amesema sentensi za namna hiyo tangu alipoanza kutambaa, lakini hakuna aliyewahi kuzitenganisha “ku” zake. Tulizichambua moja baada ya nyingine. Ile iliyo ndani ya “hakutaka” inakanusha wakati uliopita, kama katika “hakusoma” na “hawakufika”. Ya mwanzo katika “kukupigia” ndiyo ya kitenzi-jina. Ya pili katika neno hilo hilo ni wewe, mtu unayepigiwa. Mvulana mmoja akaongeza ya nne nje ya sentensi, ile ya “huku kwetu kuna baridi”, ambayo ni ya mahali, na mwingine akauliza kuhusu “anakula”. Nikamwambia kwamba hiyo ipo pale kubeba mkazo tu, kwa sababu shina “-la” ni fupi mno kusimama peke yake, ndiyo maana ukikanusha inatoweka: “hali”.

Basi nikawataka wabadilishe wakati wa sentensi. “Hataki kukupigia simu.” “Hatataka kukupigia simu.” “Angetaka kukupigia simu.” Yule msichana wa nyuma, safari hii bila kunyoosha mkono, akasema, “Huyu wa pili hasogei.”

Sijapata kusikia maelezo ya infinitivu yaliyo mafupi na sahihi kuliko hayo. Kitenzi kimoja katika sentensi hubeba wakati, nafsi na ukanushi. Mwenzake amekaa tu, hasogei. Tukavuka kwenda kwenye Kiingereza na kipimo kile kile mkononi: “She wants to buy potatoes”, “She wanted to buy potatoes”, “She will want to buy potatoes”. Kitenzi “want” kinavaa na kuvua. “Buy” hakivui kitu. Tukabadilisha na nafsi: “I want to buy”, “he wants to buy”. Ile “s” inayowatesa wanafunzi wetu wote ilikwenda kwa “want” na haikugusa “buy”. Tangu siku hiyo makosa kama “he wants to buys” yalipungua madaftarini, ingawa sikuwa nimepanga kuyashughulikia.

Kosa langu la pili lilikuwa kuwafundisha watafsiri ili waipate infinitivu. Kwa kuwa “to buy” ni “kununua” na “to eat” ni “kula”, nilidhani kila penye infinitivu ya Kiingereza Kiswahili kitaleta “ku”. Nikatoa sentensi “The headmaster told us to clean the classroom.” Wanafunzi makini zaidi ndio waliokosa. Walitafsiri vizuri kabisa: mkuu wa shule alituambia tusafishe darasa. Wakatafuta “ku”, hawakuiona, wakaacha sentensi bila mstari. Na kweli, Kiswahili kinapoagiza, kutaka au kuruhusu mtu mwingine atende, kinatumia kitenzi chenye “e” mwishoni na kumtaja mtendaji ndani yake: tusafishe, aje, waondoke. Kiingereza kinamtaja mtendaji pembeni na kukiacha kitenzi bila kukigusa: “told us to clean”, “want him to come”. Hapo ndipo chimbuko la sentensi ambayo nimeisahihisha mara nyingi kuliko nyingine yoyote, “I want he comes”. Anayeiandika si mvivu. Anasema “nataka aje” kwa maneno ya Kiingereza.

Niliendelea kukusanya mifano kwenye daftari dogo, na kadiri lilivyojaa ndivyo nilivyoona kwamba infinitivu moja ya Kiingereza ina milango mingi ya kuingilia Kiswahili. “Something to eat” ni kitu cha kula, hapo “ku” ipo. Lakini “The tea is too hot to drink” mtu wa kwetu hawezi kuisema kwa “kunywa” bila kusikika kama anasoma tafsiri. Atasema chai ni ya moto, hainyweki. “This handwriting is easy to read” ni mwandiko huu unasomeka. “He made me laugh” ni alinichekesha, neno moja tu, ambamo aliyechekesha na aliyecheka wamekaa pamoja. Tafsiri ni taa nzuri ya kuangalia maana, lakini haikuambii umbo la neno katika lugha nyingine, nami nilikuwa nimeitumia kana kwamba inasema yote mawili.

Mfano huo wa “made me laugh” ulinifungulia taabu nyingine, kwa sababu ndani yake “to” haimo kabisa. Hapa ndipo kanuni niliyowapa mwanzoni ilipozikwa rasmi. Baada ya “can”, “could”, “may”, “might”, “must”, “shall”, “should”, “will” na “would”, infinitivu husimama bila “to”. Vivyo hivyo baada ya “let” na “make”, na baada ya “see” na “hear” katika sentensi kama “I heard her sing”. Wanafunzi wangu, waliokuwa wamefundishwa kwamba “to” ndiyo kitambulisho, walikuwa wakiiongeza kwa nia njema: “I can to swim”, “Let me to go”, “My mother made me to wash the pots”. Wengine walikwenda upande wa pili, wakaona kwamba sentensi ni ya jana na kwa hiyo kila kitenzi kiwe cha jana: “made me washed”. Kipimo cha kutosogea kiliwasaidia hawa wa pili. “Mother makes me wash”, “Mother made me wash”, “Mother will make me wash”: anayehama ni “make” peke yake. Ilibaki kuwaambia, bila kupamba, kwamba vitenzi hivi ni vichache na inabidi kuvizoea, na kwamba ukiigeuza sentensi iwe ya kutendwa “to” inarudi: “I was made to wash the pots.” Kuhusu “help”, unaweza kusema “help her carry” au “help her to carry”, na zote ni sahihi. Jambo hilo liliwaudhi. Mwanafunzi wa kidato cha pili anataka jibu moja.

Swali la kwa nini “can” hukataa “to” wakati “want” huidai lilinikaa kichwani miaka kadhaa, mpaka nilipopata nafasi ya kusoma kidogo historia ya Kiingereza. Katika Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, infinitivu haikuhitaji “to” hata kidogo, kwa kuwa ilitambulishwa na mwisho wa neno: “writan” ilikuwa kuandika, “drincan” ilikuwa kunywa. Neno “to” lilikuwa kihusishi cha kawaida, chenye maana ya kuelekea au kwa ajili ya, nalo liliambatana na umbo jingine refu kidogo, kama “to writenne”, kwa ajili ya kuandika. Karne kwa karne miisho ile ikalika kwenye ndimi za watu mpaka ikaisha, na “to”, iliyokuwa mpita njia, ikajikuta imeachiwa kazi ya kutambulisha. Vitenzi kama “can” na “shall” vilikuwa vimezoea kufuatwa na infinitivu ya zamani isiyo na “to”, na vimeshikilia mazoea hayo hadi leo. Niliposoma hayo nilifarijika isivyo kawaida. Lushoto na viazi, “to” ya uelekeo na “to” ya infinitivu, zilikuwa neno moja hapo zamani, na wanafunzi waliozipigia mstari wa aina moja hawakuwa mbali sana na ukweli.

Nitaje kwa haraka suala la kuitenganisha “to” na kitenzi chake, kwa sababu bado wapo walimu wanaolikatia alama. Mwaka 1864 Henry Alford, aliyekuwa mkuu wa kanisa kuu la Canterbury, alipinga kwa maandishi tabia ya kuingiza kielezi katikati, kama katika “to carefully read”, na wengi baada yake wakaifanya sheria. Waandishi wazuri wa Kiingereza wameivunja siku zote. Kwa anayejifunza kuitambua infinitivu, la muhimu ni ajue kwamba kitenzi kinaweza kukaa neno moja au mawili mbele ya “to”, asije akaishia kwenye “carefully” na kusema hapa hakuna kitu. Sisi, kwa upande wetu, tunaingiza vitu ndani ya kitenzi-jina kila siku bila kuulizwa: kusoma, kukisoma, kutokisoma.

Ugumu uliobaki ulikuwa wa maneno yanayoweza kuwa kitenzi na vilevile nomino. “He goes to work” na “He wants to work” zinafanana mno kwa macho. Hapa Kiswahili kiliniokoa kwa namna ambayo sikuitarajia, kwa sababu ya kwanza ni anakwenda kazini na ya pili ni anataka kufanya kazi. Ile “ni” ya mahali inafichua kwamba “work” ya kwanza ni nomino. Kwa asiye na Kiswahili ipo njia nyingine, ya kuchomeka “his” katikati: “to his work” inakubalika baada ya “goes”, lakini “wants to his work” hailiki.

Na ningeishia hapo, nikijiona nimekomaa, kama si mzee mmoja jirani yangu, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, aliyekuwa akikaa barazani kila jioni na redio yake. Wakati huo nilikuwa nikiandika barua za kuomba nafasi ya masomo ya juu, na zilikuwa zimekwenda saba bila jibu. Nilimpelekea ya nane aipitie.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Lete tuone.”

Akaisoma polepole, kidole kikifuata mstari, mpaka chini kabisa nilipokuwa nimeandika kwa fahari, “I look forward to hear from you.” Kidole kikasimama. Akazungushia neno “hear” duara kwa kalamu ya risasi na kuniuliza ni neno la aina gani. Nikajibu ni infinitivu, maana lina “to” na limefuatwa na kitenzi. Hakunibishia. Akaniambia nilitoe neno hilo na yote yanayolifuata, niweke “it”. Nikasoma: “I look forward to it.” Ilikaa sawasawa. Kisha akanitaka nifanye hivyo hivyo kwa “I want to hear from you”. Nikasoma: “I want to it.” Nilisikia mwenyewe jinsi ilivyopinda.

“Hiyo ya kwanza ni kihusishi,” akasema, “inataka kitu cha kushika, jina au mfano wa jina. Mpe ‘hearing’.” Halafu akaongeza, akiirudisha redio sikioni, kwamba Waswahili tunaponzwa na utajiri wetu, kwa sababu “kusikia” moja inafanya kazi ya “to hear” na ya “hearing”, basi hatuoni sababu ya kuchagua.

Alisema kweli. “Napenda kuogelea”, “nimemaliza kusoma”, “naepuka kusema uongo”: kwetu zote ni “ku”, lakini “finish” na “avoid” haziitaki infinitivu kabisa. Pengine tofauti hiyo inabadili hata maana. “He stopped drinking” ni aliacha kunywa, na “He stopped to drink” ni alisimama kunywa. Kiswahili kimebadilisha kitenzi cha kwanza, Kiingereza kimebadilisha cha pili. “Remember to lock the door” ni kumbuka kufunga mlango, na “I remember locking the door” ni nakumbuka nilifunga. Kwa kipimo cha “it” nikaelewa pia kwa nini “I used to wake up early” na “I am used to waking up early” hazifanani: “I am used to it” inasimama, “I used to it” inaanguka.

Nilikibeba kipimo hicho darasani asubuhi yake kama mtu aliyeokota dhahabu. Tukakijaribu kwa sentensi nyingi, kikafanya kazi, mpaka yule msichana wa dawati la nyuma, ambaye sasa alikuwa amehamia la mbele, aliposema, “Na ‘agree’, mwalimu? ‘He agreed to it.’ Lakini kitabu kimeandika ‘He agreed to leave’.” Nikatazama ubao kwa muda mrefu kuliko inavyompendeza mwalimu. Alikuwa sahihi: “agree” inakubali yote mawili. Nikakiri mbele yao kwamba kipimo kina mahali kinapochoka, na kwamba hapo inabidi uangalie neno lenyewe lililofuata “to”: kama ni kitenzi kitupu, kisicho na “s”, wala “ed”, wala “ing”, ndiyo infinitivu, hata kama “it” nayo ingeweza kukaa pale. Jioni nilipomsimulia mzee, alicheka mpaka akazima redio, akasema huyo mtoto apelekwe mbali.

Usiku huo niliiandika upya barua ya nane kwa mkono, nikaimalizia kwa “I look forward to hearing from you”, na asubuhi nikaipeleka posta. Nayo haikujibiwa.